Nianze na Kitabu Gani? Mwongozo wa Rafu ya Kwanza ya Vitabu vya Kiswahili, vya Kale na vya Leo

Maswali ni yaleyale. "Nataka kuanza kusoma vitabu vya Kiswahili, nianze na kipi?" "Tangu nimalize kidato cha nne sijagusa riwaya, nirudi vipi?" "Nimenunua Al-Inkishafi, nimekwama ubeti wa pili. Kwani mimi si Mswahili?" Nimeyajibu kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu mpaka nimechoka kujirudia, basi leo nayaweka yote mahali pamoja.

Hii si orodha ya vitabu bora. Orodha za namna hiyo ziko nyingi, na aghalabu aliyeziandika anataka ujue kwamba yeye kasoma. Hapa nakupa njia ya kupita: uanzie wapi, ugeukie wapi, na ukikwama ufanyeje. Msimamo wangu ni huu: usianze na vitabu vya kale kwa sababu tu ni vya kale. Anza katikati, kwenye vitabu vya miaka ya 1950 hadi 1970, kisha nenda nyuma na mbele. Na kila inapowezekana soma kwa jozi, cha zamani na cha karibu zaidi, au viwili vinavyogombana juu ya jambo lilelile. Kitabu kimoja peke yake hukwambia. Viwili hukuuliza.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kamusi moja kubwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (ilitoka mara ya kwanza 1981, tafuta toleo jipya) au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (2015). Yoyote kati ya hizo inatosha. Vile vikamusi vya mfukoni vya Kiingereza na Kiswahili viache kwa watalii.
- Daftari dogo na kalamu ya risasi.
- Kadi ya maktaba. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nairobi kuna maktaba ya taifa na ile kongwe ya McMillan. Mikoani na kwenye kaunti ulizia tawi lililo karibu. Vitabu vingi nitakavyovitaja havipo madukani, lakini viko kwenye rafu za maktaba, vimejaa vumbi.
- Nusu saa kwa siku ambayo simu iko chumba kingine.
- Mtu mmoja wa kusoma naye. Si lazima, ila hatua ya 7 itakuwa ngumu bila yeye.

Usinunue vitabu vyote kwa mpigo. Nunua viwili. Ukivimaliza, nunua viwili vingine.

Hatua ya 1: Jua kukagua kitabu kabla hujatoa pesa

Ukiwa mbele ya muuza vitabu wa barabarani, iwe Posta au Tom Mboya, usitazame jalada kwanza. Geuza kitabu, soma namba ya ISBN nyuma. Ikianza na 978 kisha 9976 au 9987, kimechapwa na mchapishaji wa Tanzania. Ikiwa ni 978 kisha 9966, ni wa Kenya. Kwa nini ujali? Kwa sababu kitabu cha Nairobi kinaweza kukosekana Dar miaka na miaka, na cha Dar vivyo hivyo Nairobi. Ukijua kilikozaliwa unajua pa kumwagiza ndugu anayesafiri. Vya zamani havina ISBN. Hapo soma ukurasa wa pili au wa nne, palipoandikwa mchapishaji na mwaka.

Kisha fungua mwisho. Hesabu kurasa za mwisho moja moja, uone kama sentensi ya mwisho imefika mwisho. Vitabu vya mtumba hupoteza kurasa mbili mahali pale pale, kwenye gundi ya nyuma, na hakuna adhabu kama kusoma riwaya ya upelelezi ya kurasa mia moja ukakuta muuaji kang'oka na gundi.

Mwisho, tazama maandishi yenyewe. Herufi zikiwa zimefifia upande mmoja wa ukurasa, mistari imepinda, na picha ya jalada ina ukungu, hicho ni cha kudurufu kwa wizi. Mwandishi hapati hata senti, na wewe utapata kitabu kinachoachia kurasa kabla hujafika nusu.

Angalizo la majina, maana hapa wengi hununua kisicho chao. Zanzibar ina waandishi watatu wanaochanganywa kila siku. Muhammed Said Abdulla ndiye wa hadithi za Bwana Msa. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa *Kiu* (1972) na *Nyota ya Rehema* (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye wa *Asali Chungu* (1977), *Utengano* (1980) na vingine vingi. Halafu yupo Adam Shafi, ambaye majalada mengine humwandika Shafi Adam Shafi. Ni mtu huyohuyo. Na kwenye maktaba, Shaaban Robert anaweza kuwa kwenye S au kwenye R, kutegemea nani alipanga rafu. Tafuta kote kuwili kabla hujaambiwa "hatuna".

Hatua ya 2: Anza na maiti

Kitabu cha kwanza kiwe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapishwa 1960. Ni cha upelelezi: kuna mauaji, kuna mahali panapoogopwa, kuna askari Spekta Seif, kuna Bwana Msa na kiko chake akifikiri wakati wengine wanakimbizana.

Nakipendekeza kwa sababu mbili. Kwanza, fumbo lina nguvu ya kukuvuta ukurasa baada ya ukurasa hata pale msamiati unapokupiga chenga. Pili, Kiswahili chake ni cha watu wanaozungumza. Mazungumzo ya Najum na Bwana Msa yanakwenda kwa mzaha na kukatana maneno, na ukisoma kurasa ishirini utakuta sikio lako limeamka.

Kisipopatikana, chukua chochote chenye Bwana Msa: *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*. Hakuna haja ya kufuata mpangilio. Anayependa mwendo wa kasi zaidi, risasi na magari, amtafute Willy Gamba wa Elvis Musiba katika *Kufa na Kupona*. Walimu wengi walikunja uso vitabu hivi vilipotoka. Vijana wakavisoma mpaka vikachakaa, na mimi niko upande wa vijana.

Wakenya, na yeyote ambaye hapendi maiti, waanze na *Siku Njema* (1996) cha marehemu Ken Walibora. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Kinasomeka kwa wiki moja bila kujisukuma.

Angalizo: usifungue kamusi kila neno. Piga mstari kwa kalamu ya risasi, endelea. Neno likijitokeza mara ya tatu na bado hulielewi, hapo ndipo uende kwenye kamusi. Anayesimama kila mstari huacha kitabu kabla ya sura ya pili.

Hatua ya 3: Shaaban Robert, kwa dozi ndogo

Kila mtu atakwambia umsome Shaaban Robert (1909–1962). Wasichokwambia ni kwamba ukimsoma kama unavyosoma Bwana Msa, utasinzia. Hakuandika ili ukimbie. Sentensi zake zimepangwa kwa mizani, na nyingi ni za kusimamia, kuzirudia na kuzibishia.

Chukua *Kusadikika* (1951). Ni chembamba. Nchi inaelea angani, mtu aitwaye Karama ameshtakiwa, waziri Majivuno ndiye mwendesha mashtaka, na mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: nne za dunia, mbinguni, na chini ya ardhi. Kila mjumbe alirudi na ushauri mzuri kwa nchi yake, na kila mmoja alilipwa kwa gereza.

Soma mjumbe mmoja kwa siku. Usizidishe. Ukishamaliza kila mmoja andika katika daftari sentensi moja tu: huyu alileta ushauri gani, na nani aliuogopa? Kumbuka kitabu kilitoka wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Ukilijua hilo, hekaya ya nchi ya angani inashuka chini haraka sana.

Ukiona mafumbo hayakupandi, geukia *Wasifu wa Siti binti Saad*. Ni maisha ya yule mwimbaji wa taarabu aliyetoka kijijini Unguja akafikisha sauti yake kwenye santuri. Ni Shaaban Robert yuleyule, ila hapa anaongea habari za mtu.

Hatua ya 4: Riwaya zilizowagombanisha watu

Sasa una miguu. Ingia miaka ya 1970.

*Rosa Mistika* (1971) cha Euphrase Kezilahabi kinatoka Ukerewe. Zakaria, mlevi, anamlea bintiye Rosa kwa kufungia na kupiga. Barua moja ya mvulana inazua kipigo ambacho hutakisahau. Halafu binti anakwenda masomoni, mbali na jicho la baba, na mambo yanageuka. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Ukikisoma leo utaelewa kilichowaogopesha, na utajiuliza pia kama waliofungia kitabu walisoma habari za Zakaria au waliziruka wakakimbilia za Rosa.

Angalizo kwa wazazi: kina mambo mazito ya ngono, kutoa mimba na kujiua. Kisome wewe kwanza kabla hujamkabidhi mtoto wa darasa la saba.

Baada ya Ukerewe, vuka maji uende Zanzibar. *Kuli* (1979) cha Adam Shafi ni cha wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. *Vuta N'kuvute* (1999) cha mwandishi huyohuyo kinamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima asiyemtaka, mpaka kwenye harakati za kudai uhuru na kwa kijana aitwaye Denge. Filamu yake ilitoka 2021. Soma kitabu kwanza, maana filamu imechagua njia yake. Ukilazimika kuchukua kimoja, chukua *Vuta N'kuvute*. Ni kinene lakini hakichoshi.

Anayetaka lugha tamu kuliko yote katika hatua hii aende kwa *Nyota ya Rehema*. Mwandishi wake hakuacha vitabu vingi, na bado nadhani ni wachache walioandika nathari ya Kiswahili kwa mkono mwepesi namna ile.

Hatua ya 5: Sasa rudi kwenye utenzi

Hapa ndipo wengi walipoanzia na ndipo walipoanguka. Wewe umekuja ukiwa na sikio tayari.

Anza na Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Beti ni mia moja na ushee tu. Usianze na Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya 1728: huo una beti zaidi ya elfu moja, ni habari za vita vya Waislamu na Herekali, na unahitaji pumzi ambayo bado huna. Utaufikia.

Tafuta chapa yenye sherehe ya maneno, yaani maelezo pembeni au mwishoni. Bila hiyo utateseka bure, kwa sababu lugha ni ya visiwa vya Lamu na kamusi ya Kiswahili sanifu haina maneno yote. Kisha fanya hivi na ubeti wa kwanza:

> Negema wangu binti
> mchachefu hasanati
> upulike wasiati
> asaa ukazingatia.

Soma mara ya kwanza kwa sauti, bila kutafuta maana. Mara ya pili hesabu kwa vidole: Ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Nane. Hiyo ndiyo mizani, na "n" ya *binti* inahesabiwa peke yake. Sikiliza vina: mistari mitatu inaishia *-ti*, wa nne unaachana nayo, na mwisho wa huo mstari wa nne ndio utakaorudi kila ubeti mpaka utenzi uishe. Mara ya tatu ndipo utafute maana. *Negema* ni sogea karibu. *Mchachefu hasanati*, ambaye mema yako bado ni machache. *Upulike wasiati*, usikilize wasia. *Asaa*, huenda. Mama anamwita mwanawe kando ya kitanda na kumwambia kaa hapa, nina neno.

Soma beti kumi kwa siku namna hiyo. Kuna mabadiliko machache ya sauti ambayo ukiyajua yatakufungulia nusu ya mlango: *mato* ni macho, *ndia* ni njia, *nti* ni nchi. Yaandike ndani ya jalada uyaone kila unapofungua.

Ukimaliza, kirudie *Rosa Mistika* kwa jioni moja, sura za mwanzo tu. Hapa mama anamwelekeza binti kwa maneno laini jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Kule baba anamwelekeza binti kwa fimbo. Wasomaji wengine, wanawake hasa, hukasirishwa na utiifu kwa mume ambao Mwana Kupona anauhimiza. Kasirika, una haki. Ila usipite bila kuona jinsi mwanamke wa 1858 alivyojiamini na maarifa yake mwenyewe mpaka akayaweka kwenye utenzi wenye jina lake.

Baada yake ndiyo *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate. Mistari ni mirefu na ni migumu. Nenda polepole.

Muyaka bin Haji wa Mombasa (aliyefariki yapata 1840) mchukue kwa raha zako wakati wowote. Mashairi yake ni mafupi, mengi ni ya kujibizana, na mengine ni ya kejeli kiasi kwamba utayatuma kwa rafiki.

Hatua ya 6: Nathari ya kale, kwa jozi

Jozi moja hapa ina thamani kuliko vitabu vitano. Soma *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip*, kisha *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela (1934).

Cha kwanza ni habari za mfanyabiashara wa pembe na watu, alizozieleza mwenyewe uzeeni Zanzibar na zikachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Anasimulia safari zake za bara kama mtu anayekufungulia daftari la hesabu: tulikwenda, tukapigana, tukapata pembe kadhaa. Ubaridi wake ndio unaotisha. Cha pili kimeandikwa na mtoto wa mtumwa aliyekombolewa baharini na kuwekwa Frere Town, Mombasa. Huko unakuta minyororo kutoka upande wa aliyefungwa. Lakini Mbotela naye ana wa kuwasifu: Waingereza kwake ni wakombozi karibu wasio na doa. Usimwamini moja kwa moja, wala Tippu Tip usimwamini moja kwa moja. Weka vitabu viwili mezani uvihoji.

Ukitaka zaidi: *Desturi za Wasuaheli* (1903) yenye maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, juu ya harusi, ngoma, madeni na mazishi, na *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, historia ya watawala wa Usambara yenye fitina za kutosha.

Vingi vya kundi hili vimekwisha haki za uchapishaji na vinapatikana bure kwenye Internet Archive. Siri ya kuvipata: tafuta kwa jina la Mzungu aliyehariri, si la Mswahili aliyeandika. Andika *Velten* upate Desturi. Andika *Steere* upate hadithi za Zanzibar za 1870. Andika *Brode* upate Tippu Tip. Inaudhi, lakini ndivyo makatalogi yalivyopangwa. Tahajia pia ni ya wakati ule, basi usishtuke ukiona *Suaheli*.

Hatua ya 7: Tamthilia, kwa sauti

Usisome tamthilia kimya. Mwite yule mtu wako, gawaneni wahusika, someni *Kinjeketile* (1969) cha Ebrahim Hussein jioni moja. Ni Vita vya Maji Maji, 1905, na mtu mmoja anayetoa neno ambalo baadaye linamzidi nguvu mwenyewe. Ukimaliza na ukaona unaweza zaidi, jaribu *Mashetani* cha mwandishi huyohuyo. Kwa Penina Muhando anza na *Hatia*, kisha *Nguzo Mama*.

Hatua ya 8: Vilivyotoka kwingine

Nyerere alitafsiri Shakespeare: *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Visome hata kama una Shakespeare wa Kiingereza, usikie rais akihangaika na mizani. Kisha *Peponi* (2022), riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, na kitabu kilitoka kwa Kiingereza 1994. Kijana Yusuf anakabidhiwa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, na misafara ya bara inaanza tena. Ukikisoma baada ya Tippu Tip, utajua kwa nini nimekiweka huku mwisho.

Hatua ya 9: Vya karne hii

*Babu Alipofufuka* (2001) cha Said Ahmed Mohamed: babu anatoka kaburini kumtia adabu mjukuu mwenye cheo. *Bina-Adamu!* (2002) cha Kyallo Wamitila, kwa anayependa riwaya isiyokwenda mstari ulionyooka. *N'na Kwetu* cha Mohammed Khelef Ghassani, mashairi ya aliye mbali na kwao, miongoni mwa washindi wa kwanza wa Tuzo ya Mabati-Cornell, 2015. Ukipenda ushairi, mpe jozi: *Sauti ya Dhiki* (1973) cha Abdilatif Abdalla, yaliyotungwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Mmoja yuko mbali na kwao, mwingine yuko kwao nyuma ya kuta.

Kupata vipya zaidi ya hapo usingoje mtu akwambie. Tazama orodha za washindi wa tuzo hiyo na za Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kila mwaka. Si kila mshindi atakupendeza, lakini angalau umepunguza kubahatisha.

Ukikwama

*Nimefika ukurasa wa arobaini na sina hamu.* Kiache. Si kosa. Isipokuwa ni utenzi: huo kwanza usome kwa sauti siku mbili ndipo uamue.

*Nimechukua Nagona na sielewi chochote.* Wengi hudanganywa na wembamba wake. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) vya Kezilahabi ni vyembamba na ni vigumu kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Virudishe rafuni mpaka umalize *Rosa Mistika* na *Kichwamaji*.

*Naweza kusoma mwongozo wa mtihani badala ya kitabu?* Vile vyenye dhamira, wahusika na maswali ya mtihani? Vimeandikwa ili ufaulu, na vingi hukwambia mwisho katika ukurasa wa kwanza. Kama una mtihani, soma kitabu, kisha mwongozo.

*Wahusika wananichanganya.* Andika majina kwenye kipande cha karatasi, nani ni nani kwa nani, ukitumie kama alama ya ukurasa.

*Nimeambiwa mashairi yasiyo na vina si mashairi.* Ugomvi huo ulipamba moto Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na haujaisha. Soma *Kichomi*, soma Muyaka, uamue mwenyewe.

*Niko ughaibuni.* African Books Collective huuza vitabu vya mchapishaji Mkuki na Nyota huko Ulaya na Marekani. Kwa vingine, mwenye kuja likizo apewe orodha yenye jina la mwandishi, jina la kitabu na mchapishaji. "Niletee riwaya nzuri" itakuletea kitabu cha mapishi.

*Kitabu hakipo dukani kabisa.* Muulize mchapishaji moja kwa moja kama bado anacho ghalani. Ukiwa Dar pita pia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora. Kisha maktaba ya chuo, ambako mgeni mara nyingi huruhusiwa kusomea humohumo ndani akijieleza vizuri mlangoni.

*Nimeazimisha, hakijarudi.* Andika ndani ya jalada jina lako na namba ya simu, na nyuma ya daftari lako andika nani kachukua nini na tarehe. Vilivyokwisha madukani usiviazimishe. Mwambie aje asomee kwako, umwekee chai.